Je, Aliyetoa kwa Hiari Aweza Kuacha kwa Hiari?

Kuna maswali ambayo mtu huyajibu upesi akiwa ameshiba, na huyajibu pole pole akiwa na njaa. Swali la leo ni la namna hiyo. Mtu aliyempa mwenzake mali yake pasipo kudaiwa, je, ana ruhusa kuacha kumpa siku yoyote apendayo? Wengi watajibu mara moja: “Ruhusa anayo. Mali ni yake, na zawadi si deni.” Jibu hilo lina sura ya haki, na katika mambo madogo ya kila siku latosha. Lakini tulipeleke mpaka Khartoum, tukaliweke mbele ya sufuria tupu, tuone kama litasimama.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ya nchi yake kwa nchi za kigeni, ili ichunguzwe upya. Siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi ziliwafikia waliokuwa wakipokea fedha hizo katika pembe nyingi za dunia. Ilisemwa kwamba misaada ya kuokoa maisha itaachwa iendelee, lakini malipo yenyewe yalikwama. Nchini Sudani, ambako vita vilikuwa vikikaribia kutimiza miaka miwili, watu wa kujitolea walieleza mwezi Februari kwamba majiko ya jumuiya zaidi ya 1,100 yamefungwa. Dengu hazikununuliwa, moto haukuwashwa, na waliokuja na bakuli walirudi nazo tupu.

Hatuyataji haya ili kuihukumu siasa ya nchi moja. Tarehe 25 Februari mwaka huo huo Serikali ya Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, ili fedha hizo ziende katika ulinzi. Kila serikali ina hesabu zake na wapiga kura wake. Sisi twauliza jambo lililo chini ya siasa: ni wajibu gani unaozaliwa siku ile mtu anaponyosha mkono na kutoa?

Kwanza yafaa tuwajue wapokeaji, maana si haki kujadili fungu la mtu bila kumtazama usoni. Vita vya Sudani vilianza tarehe 15 Aprili 2023, kati ya jeshi la nchi linaloongozwa na Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, na Vikosi vya Msaada wa Haraka vya Jenerali Mohamed Hamdan Dagalo, ambaye watu humwita Hemedti. Mabwana hawa wawili walikuwa washirika katika mapinduzi ya tarehe 25 Oktoba 2021. Walipokosana wao, mji mzima ulikuwa nyasi chini ya miguu ya tembo. Katika siku chache balozi zilifungwa, wageni walichukuliwa kwa ndege na kwa meli, maduka na ofisi ziliporwa, na hospitali nyingi zilinyamaza. Mwisho wa mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 11 walikuwa wamekwisha kufukuzwa makwao.

Basi walibaki nani? Walibaki majirani. Vijana wa mitaa, waalimu wasio na shule, waganga wasio na hospitali, na akina mama wasio na kitu ila ujuzi wa kupika, waliungana wakaanzisha vyama vilivyoitwa Vyumba vya Dharura. Kwa Kiarabu chumba ni ghurfa, neno lililotuzalia sisi ghorofa. Lakini vyumba hivi havina ghorofa wala lango. Mara nyingi ni ua wa nyumba ya mtu, sufuria kubwa mbili, gunia la dengu, na simu moja yenye chaji. Majiko yao huitwa takaya, kwa jina la zamani litokalo katika nyumba za masufi, ambamo msafiri na maskini walilishwa bila kuulizwa watokako.

Watu hawa hawakuzuka kama uyoga baada ya mvua. Wengi wao walijuana katika kamati za mitaa zilizoandaa maandamano ya Desemba 2018, ambayo yalimfikisha Omar al-Bashir kwenye kuanguka kwake tarehe 11 Aprili 2019. Kabla ya hapo, mwezi Agosti 2013, mafuriko yalipoibomoa mitaa ya Khartoum, vijana walijikusanya kuwasaidia waliopatwa na maafa, nao wakakiita chama chao Nafir. Na nafir ni desturi ya vijijini kuliko chama chochote: ni mwito wa kukusanyika kumvunia jirani shamba au kumjengea nyumba, pasipo ujira. Neno hilo si geni masikioni mwetu, kwani nafiri kwetu ni baragumu, na baragumu ndilo liwaitalo watu. Wapare wana msaragambo wao. Wakenya wana harambee yao. Jambo ni moja.

Fedha za kwanza za majiko haya zilitoka kwa Wasudani wenyewe, hasa walio ughaibuni, katika nchi za Ghuba, Ulaya na Marekani. Zilisafiri kwa simu, kwa njia ya Bankak, huduma ya Benki ya Khartoum. Mwezi Februari 2024 mitandao ya simu ilipozimika katika sehemu kubwa ya nchi, majiko mengi yalisimama, hata pale ambapo sokoni chakula kilikuwako, kwa kukosa njia ya kumlipa mwuza dengu. Baadaye wafadhili wakubwa walianza kutambua kwamba mahali ambapo magari yao hayafiki, mwiko wa jirani umekwisha kufika. Ndipo ruzuku zilipokuja.

Hapa pana historia fupi ambayo yatupasa kuijua. Mwezi Mei 2016, mjini Istanbul, serikali na mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2020 angalau robo ya fedha za misaada ya dharura ziwafikie wenyeji wa nchi zilizopatwa na maafa, kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Lilikuwa azimio jema. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na Istanbul wakubwa walikiri hivyo kwa maandishi. Lakini mwaka 2020 ulifika na kupita, na fedha zilizokwenda moja kwa moja kwa vyama vya wenyeji zilikuwa asilimia chache tu, mbali sana na robo. Kwa kawaida fedha ziliendelea kushuka ngazi kwa ngazi: kutoka hazina ya nchi tajiri hadi shirika la Umoja wa Mataifa, kutoka huko hadi shirika la kimataifa, kisha hadi shirika la taifa, na mwishowe hadi chama cha mtaa. Kila ngazi hukata gharama zake, kama mzigo upitao mikononi mwa madalali.

Sasa turudi kwenye swali letu, tukiwa tumewajua wenyewe.

Tuchukue mfano. Mtu yuko ukingoni mwa mto uliofurika, na mzee asiyejua kuogelea anamwomba amvushe. Wako watakaosema kwamba hana wajibu wowote wa kumvusha, wako watakaosema anao. Tuache ubishi huo kwa leo. Mtu huyu amekubali. Amemweka mzee mgongoni, ameingia majini, amefika katikati. Je, anaweza sasa kusema: “Mgongo huu ni wangu, nami nimechoka, shuka”? Hapana mtu mwenye akili timamu atakayemruhusu. Angalimwacha ukingoni, pengine angaliitwa mchoyo. Akimwacha katikati ya maji, ataitwa mwuaji. Lakini mgongo ni ule ule, na hiari ni ile ile. Kitu gani kimebadilika?

Kilichobadilika ni hiki: mzee aliacha njia nyingine. Angaliweza kutafuta mtumbwi, au kungoja maji yapungue, au kurudi kijijini. Alipokubali kupanda mgongoni aliziacha hizo zote kwa ajili ya ahadi moja, ahadi isiyotamkwa kwa mdomo. Zawadi ambayo mwenzako ameiegemea na kupanga maisha yake juu yake haibaki kuwa zawadi tupu. Inazaa deni, japo haikuanza kama deni.

Ndivyo ilivyo katika ruzuku. Mama aliyejua kwamba jiko la mtaa litapika kesho aliweza kukata shauri kubaki, asiwapeleke watoto wake katika njia zenye vizuizi vya askari. Chama kilichojua kwamba fedha za miezi sita zimekwisha kuahidiwa kilikopa unga kwa mfanyabiashara na kuongeza watu katika orodha. Mfadhili mwingine, alipoona mtaa huu una mwenyewe, alipeleka fungu lake mtaa wa pili. Kwa hiyo siku mkono ule ulipoondolewa ghafula, watu hawakurudi tu katika hali waliyokuwa nayo kabla ya kupewa. Walijikuta chini ya hapo, wakiwa na deni la unga na bila njia zile walizoziacha.

Tutaambiwa: “Mkisema hivyo, mtawatisha watoaji. Nani atathubutu kutoa sahani ya kwanza ikiwa sahani hiyo inamfunga maisha?” Ni hoja ya haki, na yastahili jibu. Hatukusema kwamba mto hauna ng'ambo. Aliyembeba mwenzake hakujifunga kumbeba hadi kufa. Amejifunga kumfikisha ukingo mmojawapo, au kumkabidhi kwa mwingine aliye na nguvu. Kwa lugha ya ruzuku maana yake ni mambo matatu. La kwanza, asiahidi zaidi ya awezavyo, na aseme wazi tangu mwanzo mwisho wa fungu lake ni lini. La pili, akitaka kuondoka, atoe taarifa mapema kiasi cha kumwezesha mwenzake kutafuta mtumbwi. La tatu, madeni yaliyofanywa kwa kutegemea neno lake ayalipe. Mambo haya hayamtishi mtoaji mwaminifu. Humtisha yule anayetaka sifa ya kutoa bila uzito wa kutoa.

Tutaambiwa tena: “Serikali mpya haifungwi na ukarimu wa serikali iliyotangulia; fedha ni za walipa kodi.” Sawa, ni za walipa kodi. Lakini serikali mpya hulipa madeni ya benki yaliyofanywa na serikali iliyopita, ijapokuwa haikuyakopa yenyewe, na hakuna anayeona ajabu. Husema kwamba neno la taifa ni neno la taifa. Kwa nini basi neno lililopewa mwenye benki liwe zito kuliko neno lililopewa mwenye njaa? Mwenye benki aweza kushitaki, mwenye njaa hawezi. Hiyo ndiyo tofauti, wala si tofauti ya haki. Ni tofauti ya nguvu.

Hilo ni deni la mwenye kuacha. Lakini kuna deni jingine, la mwenye kuendelea, nalo halizungumzwi sana. Katika maandishi ya wafadhili neno moja halikosekani: kuimarisha. Ruzuku hutolewa ili kuimarisha vyama vya raia katika nchi zenye vita. Twauliza: kuimarisha ni nini? Mara nyingi maana yake ni semina, daftari za hesabu, mpango wa miaka mitatu, na mtu wa kuandika taarifa. Haya yote yana faida yake. Lakini chama cha mtaa wa Omdurman hakikupata nguvu yake katika semina. Nguvu yake ni kuaminiwa. Mtu huacha sufuria yake kwa jirani kwa sababu anamjua mama yake. Nguvu hiyo mfadhili hawezi kuitoa, maana hana. Aweza tu kuilinda au kuiharibu. Na kuna njia tatu za kuiharibu kwa nia njema.

Njia ya kwanza ni karatasi. Fomu ya kuomba fedha huandikwa kwa lugha ya ofisini, mara nyingi Kiingereza, na yataka maelezo marefu, na ijibiwe kabla ya tarehe fulani. Mtaani hakuna umeme. Anayejua kuijaza fomu hiyo ni msomi aliye Nairobi au Kampala, ambako Wasudani wengi wa vyama vya raia walikimbilia baada ya Aprili 2023. Hatuwalaumu hao, wengi wao hawalali kwa ajili ya ndugu zao. Lakini matokeo ni kwamba chama chenye kalamu hukishinda chama chenye mwiko, na pole pole kila chama hujifunza kupika karatasi.

Njia ya pili ni mshahara. Nafir ni mwito usio na ujira. Ruzuku ikija na nafasi tatu za mshahara katika kundi la watu ishirini, kesho yake kuna kundi la watatu na kundi la kumi na saba. Kumbe basi wasilipwe? Hapana, hapo pana mtego mwingine mbaya zaidi. Wako wanaosifu vyama vya wenyeji kwa kuwa ni rahisi: havidai bima, havidai gari lenye kinga ya risasi, havidai posho ya mazingira magumu. Mfanyakazi wa kigeni akipatwa na hatari huondolewa kwa ndege. Kijana wa mtaa huzikwa huko huko. Kumpa kijana huyo kazi ya hatari, kisha kuita jambo hilo heshima kwa wenyeji, huku tukimnyima hata gharama za matibabu, ni kuhamisha hatari kutoka bega la tajiri hadi bega la maskini. Mwenye kutoa fedha kwa kazi ya hatari ajue kwamba amenunua sehemu ya hatari hiyo. Jambo la haki ni kuwawezesha wote posho ya kuishi na matibabu, na kuwaachia wenyewe waamue namna ya kuigawa.

Njia ya tatu ni bango. Mfadhili hupenda jina lake lionekane juu ya kazi yake, na katika nchi ya amani hapana ubaya. Katika Sudani bango laweza kuua. Pande zote mbili zimewatilia shaka watu hawa wa kujitolea: huku wakidhaniwa kuwa wapelelezi wa jeshi, huko wakidhaniwa kuwa watumishi wa waasi. Wengi wamekamatwa, wengine wameteswa, na wengine wameuawa, kwa kosa la kupika chakula upande usiotakiwa. Katika hali hiyo, atakaye picha ya sufuria yenye nembo yake kando yake na ajiulize kama sadaka hiyo ameitoa kwa mwenye njaa ama kwa nafsi yake.

Sasa tusikie upande wa pili, maana hukumu ya upande mmoja si hukumu. Mfadhili atasema: “Mwataka nitoe fedha bila karatasi, bila bango, bila mtu wangu wa kukagua. Zikiibwa je?” Swali hili si la dharau. Fedha za misaada zimekwisha kuibwa mara nyingi, na kila shilingi iliyoibwa imeibwa kinywani mwa mtoto. Lakini tuone mambo yalivyo. Mwezi Desemba 2023 ghala la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililokuwa Wad Madani liliporwa. Lilikuwa na akiba ya kuwatosha watu karibu milioni 1.5 kwa mwezi mmoja. Shirika hilo lina daftari na wakaguzi kuliko chama chochote cha mtaa, na daftari hazikuizuia bunduki. Vitu vingi vikiwekwa mahali pamoja humwita mnyang'anyi. Sufuria mia tano zilizotawanyika humchosha.

Wala hatusemi kwamba pasiwe na hesabu. Twasema kwamba mwenye kudai hesabu wa kwanza ni mla chakula. Mama aliyesimama katika mstari wa takaya kila siku ajua kama jana zilipikwa kilo ishirini au kumi, na ajua nani alipelekewa kwa mlango wa nyuma. Hesabu iliyotangazwa mtaani, mbele ya watu kama huyo, ni kali kuliko stakabadhi iliyotumwa Geneva. Mfadhili mwenye busara atauliza kwanza, “Nani hakula?” kisha ndipo aulize, “Stakabadhi ziko wapi?” Maana stakabadhi zaweza kutimia zote, na mjane wa nyumba ya mwisho akawa hakula.

Swali hilo, “Nani hakula?”, lina kazi nyingine pia, nalo latuzuia tusiwafanye wenyeji kuwa malaika. Jirani aweza kuwa mwema, tena aweza kuwa na upendeleo. Huko Darfur Magharibi mwaka 2023 watu wa kabila la Wamasalit waliuawa kwa wingi kwa sababu ya kabila lao. Katika nchi ambayo damu imemwagika hivyo, kamati ya mtaa yaweza kuwaona wa kabila lake na isiwaone wengine, pengine bila kukusudia. Ujirani peke yake si kinga. Mtoaji aliye mbali ana faida moja ambayo aliye karibu hana: yeye hana shangazi katika mstari. Aitumie faida hiyo kuuliza habari za wasioonekana, asiitumie kutawala. Na wapokeaji nao wasione uchungu kuulizwa. Atakaye kuaminiwa akubali kutazamwa.

Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba ruzuku, hata iliyo bora, ina mpaka wake. Mwezi Agosti 2024 wataalamu wa kimataifa walithibitisha kwamba kuna baa la njaa katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Mji wa El Fasher wenyewe ulikuwa umezingirwa tangu mwezi Mei mwaka huo. Fedha ziliweza kuingia kwa simu, lakini magari ya chakula hayakuweza kuingia kwa barabara. Watu walikula ambaz, yaani mashudu ya karanga ambayo kwa kawaida hulishwa mifugo, na majiko ya jumuiya yalipika mashudu hayo hayo kwa kuwa hapakuwa na kingine. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji uliangukia mikononi mwa Vikosi vya Msaada wa Haraka, na mauaji yakafuata. Hapo ndipo tuonapo kwamba kumpa jirani fedha za kupikia hakuziondoi zile lawama za kuacha njia zifungwe na silaha ziuzwe. Serikali isigeuze ruzuku kuwa kodi ya kutulizia dhamiri.

Mwaka 2025 Vyumba vya Dharura vya Sudani vilipewa Tuzo ya Rafto huko Norway, na tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Heshima hizo walizistahili, nasi twafurahi. Lakini tukumbuke kwamba ni mwaka ule ule ambao majiko yao yalifungwa kwa mamia. Dunia iliwapa nishani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikawanyang'anya kuni. Mtu aweza kufikiri kwamba sifa ni rahisi kuliko dengu.

Nasi tulio huku Afrika ya Mashariki, je, jambo hili latuhusu? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wakimbizi wa vita hivyo wako katika miji yetu. Tunapanda nao basi moja na kusali nao mtaa mmoja. Pili, vyama vyetu wenyewe, vya kulea yatima, vya kutibu wagonjwa, vya kutetea wasio na wakili, vingi vimeegemea mgongo wa mtu aliye mbali. Yale ya Januari 2025 yalitikisa zahanati na ofisi za kwetu pia. Basi kila chama na kijiulize leo, kabla ya barua kufika: mgeni akiondoka kesho, ni nini kitakachobaki? Kikiona kwamba itabaki meza na bango tu, kijue kwamba hakikuimarishwa, kilikodishwa. Kikiona kwamba watabaki watu, na mchango mdogo wa kila mwezi, na jirani anayejua zamu yake, basi kina msingi, na msaada wa mgeni utakuwa nyongeza yenye heshima.

Haya hayamwondolei mgeni wajibu wake. Tumekwisha kusema: aliyembeba mwenzake amfikishe ng'ambo, au amkabidhi salama. Lakini na abebwaye ajifunze kuogelea kadiri awezavyo wakati bado yuko mgongoni, maana mto ni mrefu, na wabebaji hubadilika.

Tulianza kwa kuuliza kama aliyetoa kwa hiari aweza kuacha kwa hiari. Jibu letu ni hili. Kabla ya kutoa, hiari ni yako na dhamiri yako. Ukisha kutoa, na mwenzako akaweka uzito wake juu ya mkono wako, mkono huo si wako peke yako tena. Waweza kuuondoa, lakini pole pole, kwa taarifa, na baada ya kuhakikisha kwamba ana pa kushika. Huko Omdurman wako waliorudi nyumbani na bakuli tupu asubuhi moja ya mwezi Februari. Hawakuwa wameomba utajiri wa mtu. Waliomba waambiwe mapema.